Fundi Aliyetembea Nyuma

Fundi alikuwa hatembei mbele. Mtu akiniuliza alikuwa mtu wa namna gani, huwa naanza hapo. Kikundi chetu kilikuwa na watu kumi na tano, siku nyingine ishirini. Kila Jumamosi, tukishamaliza kazi za maendeleo, tulivaa raba na kutoka Gitega kwa miguu, leo upande wa Makebuko, wiki nyingine kokote miguu inakotaka. Mara mbili kwa mwaka tulikodi basi dogo mpaka Muyinga, tukalala huko, na Jumapili tukavuka mlima wenye msitu, tunaingia upande huu na kutokea upande ule. Katika safari zote hizo mgongo wa Fundi sikuwahi kuuona. Ukitaka kumwona, ilibidi ugeuke.

Jina analo. Tulimwita Fundi kwa sababu alikuwa fundi cherehani, kibanda chake kilikuwa karibu na soko la Gitega, na mwenyewe ni mtu wa Muyinga, katika Waswahili wa kule. Alizaliwa lini na babu yake alikuwa nani, hayo waulize watu wa msikitini. Mimi nitasema niliyoyaona.

Na nimeona mengi. Niseme na habari yangu kidogo, ujue ni nani anaongea. Nilikulia Tanzania, kambi ya wakimbizi, shule nikaiacha darasa la nne. Nilirudi Burundi na baiskeli moja. Kwa baiskeli hiyo nimebeba ndizi, makaa, mchanga, mbao, nimebeba hata mgonjwa mmoja na akapona. Leo, tangu Gitega iwe makao makuu ya nchi, pita mjini uangalie mapaa mapya. Ukiona mabati yanang'aa, jua karibu nusu yake yametoka dukani kwangu. Sikushikwa mkono na mtu. Watu wananiita Patro, yaani bosi, na mimi naitika, kwa sababu ni kweli.

Fundi peke yake aliniita kijana. Nina wajukuu wawili, nywele zimeanza kuwa nyeupe, lakini kwake: "We kijana, simama vizuri nikuone."

Kuona kwake kulikuwa kupima. Alipima watu kwa macho. Utepe alikuwa nao shingoni, lakini ulikuwa kama tai tu. Kijana mmoja wa kikundi, Ferdi, anayefanya kazi ofisini, alimwambia kiuno chake ni kile kile cha mwaka jana. Fundi hakumwangalia hata mara ya pili. "Bon, mi nitashona ya mwaka jana," akasema, "na we utaivaa mwaka jana." Ferdi akapimwa upya.

Siku yangu ya kwanza kwenye kikundi nilikuja na viatu vya ngozi vipya, nimeagiza Kampala. Fundi akaviangalia akasema, "Hizo viatu iko ya kukaa." Nikamjibu kwamba mimi nimepanda vilima vya nchi hii na mzigo kwenye baiskeli, viatu haviwezi kunifundisha. Tulipofika Makebuko nilikuwa natembea kama kuku aliyefungwa miguu. Nikakaa chini. Fundi aliniona. Alitoa mfukoni vipande viwili vya kitambaa laini, akaviweka juu ya jiwe karibu yangu, akaenda kununua mihogo. Nikavikunja ndani ya viatu. Tuliporudi aliniuliza kama nimefika salama, basi.

Lakini usidhani alikuwa malaika. Mtu huyu, aliyeweza kukwambia kwa macho kwamba bega lako la kushoto limeshuka kuliko la kulia, hakuwahi kumaliza nguo ya mtu kwa siku aliyoahidi. Mama Keza, mwalimu wa shule ya msingi kule Mushasha, alimpelekea kitambaa cha gauni la kwaya ya Pasaka akalipata Pentekoste. Alilivaa akaja nalo kibandani, akazunguka mbele yake. "Fundi, Yesu alifufuka bila mimi kuvaa."

"Lakini limekukaa," Fundi akajibu.

Na kwa kweli lilikuwa limemkaa.

Mtu wa vipimo, lakini kwenye njia alikuwa mwongo mkubwa. Ukimuuliza tumebakiza umbali gani, jibu lake lilikuwa moja: "Iko hapo tu." Tuwe tumebakiza dakika tano au masaa matatu, iko hapo tu. Mama Keza alikuwa mnene kidogo na goti lake moja lilikuwa linalia kwenye mteremko. Kila kilima aligeuka na kuuliza, na kila kilima alipata hapo tu.

"Fundi, mbona we mtu wa swala uko unasema uongo?"

"Sio uongo, dada. Ile ya kwako iko hapo tu. Hatua moja. Ile ingine iko ya hatua nyingine."

Mama Keza alicheka mpaka akakaa chini, kisha akainuka akaendelea.

Msituni alikuwa haogopi kubaki peke yake nyuma, hata ukungu ukishuka mpaka usione mti wa pili. Lakini alipoona kinyonga siku moja juu ya fimbo ya Ferdi, alirudi nyuma mbio, kofia ikaanguka, na hakukubali kuifuata mpaka kinyonga amepelekwa mbali. Tulimtania mwezi mzima. Alisema nyoka ana njia yake na mtu ana njia yake, lakini kinyonga hajulikani anakwenda wapi.

Jumapili za Muyinga, sisi Wakristo tulikwenda misa ya kwanza kabla ya kupanda. Fundi alikaa nje ya kanisa akilinda mifuko yetu yote, amekalia mmoja, kwa kawaida wangu. Saa saba mchana, popote tulipokuwa mlimani, alitafuta mahali pasafi, akatandika mkeka mdogo na kuswali. Hapo Mama Keza ndiye aliyekuwa polisi. "Nyamazeni sha, mtu yuko anaongea na Mungu!" Hata ndege, nadhani, walikuwa wanamwogopa.

Sasa nieleze jinsi tulivyotembea, kwa sababu utaratibu ulikuwa wake na bila huo huwezi kuelewa yaliyobaki.

Msitu wa mlima ule una njia nyingi za wakata kuni na za ng'ombe. Kila safari Fundi alikata vipande ishirini vya kitambaa, mabaki ya kibandani, vyote rangi moja. Mtu wa mbele alivichukua. Akifika njia panda, anafunga kipande kimoja kwenye tawi la njia iliyo sahihi, anaendelea. Wanaofuata wanaangalia kitambaa tu, hata kama wameachana. Mtu wa mwisho anavifungua kimoja kimoja, ili wiki ijayo au mwaka ujao kitambaa cha zamani kisije kumdanganya mtu. Mwisho wa safari wa mbele anarudisha vilivyobaki, wa nyuma anatoa alivyofungua, vinawekwa pamoja. Lazima viwe ishirini.

Watu walibadilishana kuwa mbele. Nyuma hakubadilishana na mtu. Nilimuuliza kwa nini, nikiwa nimechoka kumsubiri kileleni. Alisema, "Mbele kila mtu iko anaiona. Nyuma inaonwa na mtu mmoja." Siku nyingine alisema nguo haipasuki katikati ya kitambaa, inapasuka kwenye mshono, na mshono wa kikundi uko kati ya yule mtu na yule mtu, pale ambapo hakuna anayeangalia. Mimi nilisikia nikaona ni maneno ya fundi cherehani. Kwangu mtu wa maana yuko mbele. Hivyo ndivyo nilivyotoka kwenye baiskeli.

Ile siku yangu ya kuwa mbele mlimani, vitambaa vilikuwa rangi ya machungwa, mabaki ya magauni ya wasimamizi wa harusi fulani. Nilitembea kwa nguvu. Nusu saa tu nilikuwa nimewaacha wote, siwasikii. Nikafika njia panda. Njia yetu ya kila mwaka inashuka kidogo kushoto. Ya kulia inapanda. Nikaangalia juu, nikaona kati ya miti mwamba mkubwa, na nikafikiri: nikiwapeleka juu ya mwamba ule, wakaona Muyinga yote chini yao, watasema Patro ndiye aliyetuonyesha. Na mwezi uliofuata kikundi kilikuwa kinachagua mkubwa wake. Sitaficha. Nilikuwa naitaka nafasi ile.

Nikafunga kitambaa kulia. Nikapanda, nikafunga cha pili, nikafunga cha tatu. Baada ya cha tatu njia ikafa kwenye vichaka vya miiba na mawe yanayoteleza. Mwamba ulikuwa bado mbali. Nikarudi mbio, nimekwaruzwa mikono, na pale njia panda hakuna mtu aliyekuwa amefika bado. Nikafunga kitambaa kingine kushoto, kwenye njia yetu, nikaenda zangu.

Vile vitatu sikuvifungua. Niliporudi nilivipita kimoja kimoja, nikaviona kwa macho yangu. Nilijiambia kwamba kufungua ni kazi ya mtu wa nyuma, Fundi yuko, atafungua. Mtu wa mbele anafunga, hafungui. Hata leo nikiyasema yanasikika kama yana akili. Ukweli ni kwamba nilisikia sauti ya Ferdi chini na sikutaka anikute nikifungua kosa.

Ferdi na wenzake walikuwa pamoja wakiongea, mmoja wao anaijua njia, wakashuka kushoto bila hata kutazama upande wa kulia. Mama Keza alikuwa katikati, peke yake, kwa sababu alisimama kufunga kamba ya kiatu. Alifika njia panda akaona vitambaa viwili. Cha kulia kilikuwa kwenye tawi la juu, kinaonekana zaidi. Akapanda.

Tulisubiri kileleni masaa mawili. Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe nakula parachichi na kila dakika lilikuwa linakuwa gumu zaidi kumeza. Ferdi akasema turudi kutafuta. Nikasema Mama Keza anapenda kupumzika, Fundi yuko naye. Ndipo walipotokea, yeye amemwegemea Fundi, kifundo cha mguu kimevimba, gauni limechanika, uso una mikwaruzo. Aliteleza kwenye yale mawe. Alikuwa amelia, na Mama Keza si mtu wa kulia.

"Vitambaa vilikuwa viwili," akasema. "Niliona viwili."

Wote wakanigeukia. Nikasema, "Wachungaji. Watoto wanaochunga ng'ombe wanachezea vitambaa. Wamekihamisha."

Ferdi akasema, "Lakini kingine kilikuwepo kushoto, mi nilikiona."

"Basi labda cha kulia kilikuwa jani," nikasema. "Kuna majani ya rangi ile."

Mama Keza akaniangalia, kisha akaangalia mikono yake. "Labda," akasema polepole. "Macho yangu haya yamezeeka."

Fundi alikuwa anamfunga kifundo kwa kitambaa cha kanzu yake. Hakuinua kichwa.

Ndani ya basi, kurudi, alikaa kando yangu. Tulipita vilima vingi. Halafu akasema taratibu, kama anaongea habari ya mvua, "We ulibebaga mizigo kwa baiskeli."

"Ndiyo Fundi, unajua."

"Fundo lako iko nzuri. Ile ya kuzungusha mara mbili na kurudisha chini. Hailegei." Akatazama dirishani. "Kuifungua nimevunja ukucha."

Hakuna mwingine katika kikundi anayefunga hivyo. Nilingoja aniseme siku ile, nikangoja wiki ile, nikangoja mkutano wa kuchagua mkubwa. Fundi alikuja, akakaa nyuma, akainua mkono wake kunichagua. Nilishinda kwa kura nyingi. Nilinunulia watu brosheti za nyama ya mbuzi na soda.

Mama Keza hakuja kwenye mkutano. Hakuja tena kutembea. Nilimkuta sokoni amevaa miwani mikubwa, akaniambia, "Patro, nimeacha. Mtu asiyetofautisha kitambaa na jani atawapotezea muda." Aliacha na kwaya pia, kwa sababu alikuwa na hofu ya kusoma vibaya. Nikamwambia pole. Nikamwambia aje dukani nimpe bati la jiko lake kwa bei ya rafiki. Alishukuru sana, na shukrani ile niliibeba mpaka nyumbani kama mfuko wa saruji.

Mwaka uliofuata mguu wa Fundi ukaanza kumkataa. Ule wa kukanyagia cherehani. Alifunga kibanda akarudi Muyinga kwa dada yake. Kikundi kikaendelea, mimi mbele. Nyuma tukamweka Ferdi, lakini Ferdi ana simu, na mara mbili vitambaa vilirudi kumi na nane.

Msimu huu wa kiangazi nilihitaji suti. Nina harusi ya binti yangu, na mtu kama mimi havai suti ya kununua. Nikatuma kitambaa Muyinga kwa basi, bila vipimo. Fundi akatuma ujumbe kupitia dereva: "Kijana ameongeza tumbo, najua." Juzi nikaenda kuichukua mwenyewe, kwa gari langu.

Nilimkuta barazani kwa dada yake, mchana, na cherehani ndogo ya mkono. Mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto unasukuma kitambaa. Alinisalimia, akauliza habari za mke wangu, za duka, za vumbi la Gitega, yote kwa utaratibu. Halafu akainuka kuingia ndani kuchukua suti. Alitembea akishika ukuta. Nilikaa nikiangalia mgongo wake, mdogo kuliko nilivyofikiri, bega la kushoto limeshuka.

Suti ilikuwa tayari, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ndani ya siku aliyoahidi. Nikaivaa. Ilinikaa kama nimezaliwa nayo.

"Tia mkono mfuko ya ndani," akasema.

Nikatia. Nikafungua koti nione. Bitana ya mfuko wa ndani ilikuwa rangi ya machungwa, vipande vitatu vimeshonwa ubavu kwa ubavu, kwa mishono midogo usiyoweza kuihesabu. Pasi ilikuwa imepita, lakini alama za fundo langu zilikuwa bado zinaonekana katikati ya kila kipande.

Nilifunga koti haraka kama mwizi. Mimi, ninayeongea na mawaziri.

"Ile siku zilirudi ishirini kamili," Fundi akasema. "Hizi nilificha, mi nilikata tatu nyingine nikaweka, watu wasione alama ya fundo. Nilifanya vibaya." Akarudi kwenye cherehani. "Nilisema, kijana atasema mwenyewe kesho. Kesho ikawa nyingi. Na dada yule, Mama Keza, amevaa miwani kwa sababu ya mimi na we."

Nilikuwa sijafikiria kwamba na yeye amebeba kitu.

"Ningemwambia mimi," akasema, "lakini iko fundo yako. Mtu hafungui fundo ya mwenzake mara mbili."

"Sasa Fundi, nifanyeje? Miaka miwili imepita. Atanionaje? Kikundi kitanionaje? Binti yangu anaolewa."

"Simu unayo."

"Hapa hapa?"

"Mi niko nashona. Sisikii."

Nilishika simu. Nilimwambia Fundi kwamba nimebeba mizigo ya kila aina katika nchi hii, lakini njia ya mzigo huu ni ndefu. Hakuacha kuzungusha cherehani.

"Iko hapo tu," akasema.

Mama Keza aliitika kwa sauti ya darasani. Nikasema yote, kwa mpangilio mbaya, nikianza na mwamba, nikarudi kwenye uchaguzi, nikasema jani halikuwepo, hakuna jani la rangi ile katika msitu mzima. Cherehani ilikuwa imenyamaza. Nikaangalia simu kama bado ina moto wa betri.

"Patro," akasema, "mi nimevaa miwani miaka miwili. Naona kila kitu kama kiko ndani ya maji. Nilimwambia daktari, akasema nizoee."

"Ndiyo, mama."

"Watoto darasani wananiita Bundi."

"Nisamehe, mama."

"Ngoja kwanza na hiyo. We mjinga. We mjinga sana, na bati lako!" Nikasikia kitu kinawekwa mezani, kwa nguvu, nadhani miwani. Alipumua. "Mbele ya kikundi utasema?"

"Nitasema."

"Na ukishasema, utatembea wapi?"

Nikamwangalia Fundi. Alikuwa ameinamia sindano, anatafuta tundu la uzi, na hakunisaidia.

"Nyuma," nikasema.

"Nyuma ya nani?"

"Nyuma yako."

"Mi natembea polepole, Patro. Goti bado linalia."

"Najua, mama."

"Utaniuliza tumebakiza umbali gani, mi sitajua."

"Mimi ndiye nitakayekwambia."

Akakata simu bila kuaga. Fundi alipata tundu, akavuta uzi, akaukata kwa meno. Halafu akavuta kapu lake la mabaki kwa mguu ule mzima, akachagua kitambaa cha kijani kibichi, akashika mkasi na kuanza kukata vipande, akihesabu kwa sauti ndogo. Nilikaa pale ndani ya suti yangu mpya, jua la Muyinga linanichoma, mpaka akafika ishirini.